Mkasi Uko Msumarini

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu ameondoka, na patani zetu zote ameondoka nazo. Nimefungua duka asubuhi nikakuta waya mtupu ukutani. Vipande thelathini na viwili vya karatasi ngumu, vya kukatia kola, mikono, viuno na migongo ya watu wa kila umbo. Mama alianza kuvichora kabla sijazaliwa, mimi nikavimalizia. Cherehani yake kaiacha imefutwa vumbi, kiti kakisukuma chini ya meza, uzi kauviringa vizuri. Mwizi mwenye adabu. Hiyo adabu imeniuma kuliko wizi wenyewe.

Mkasi nimeutundika msumarini. Ndiyo sheria aliyotuwekea Mama tangu enzi zake za kukata: fundi akiwa na hasira hashiki mkasi. Siku hiyo anapiga pasi, anatia vifungo, anakunja pindo, kazi ambazo zikiharibika zinafumuliwa na kurudiwa. Kitambaa kikishakatwa hakifumuliwi. Mimi nimeiongezea sheria hiyo kipande changu: mkasi ukiwa msumarini, siamui jambo lolote.

Kwa hiyo leo sikati na siamui. Naandika tu, hapa nyuma ya daftari la vipimo, kwa sababu hakuna anayelifungua isipokuwa mimi. Mbele kuna vifua na viuno vya nusu ya mji. Nyuma nitaweka roho yangu, maana mahali pengine pa kuiweka sina.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Mkasi uko msumarini. Nimepiga pasi mashati kumi na manane, na kila moja nimelipiga kweli.

Jumatano, 5 Machi

Kasuku kaleta habari. Kasuku ni yule mama anayenitilia vifungo. Jina nilimpa mimi, na hajawahi kunipa sababu ya kulibadilisha. Anasema mdogo wangu hakwenda mbali. Kapanga chumba cha mtengeneza viatu aliyehama, ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazamana na dirisha langu. Kisha akavuta pumzi, akanipa la pili: chuo cha wauguzi kimempa magauni mia na ishirini ya wanafunzi wapya.

Magauni ya chuo tumeshona sisi miaka tisa. Sisi, yaani mimi nikikata na yeye akishona.

Damu ilinichemka hadi masikio yakaziba. Nilitaka nivuke barabara vile vile na kandambili, nimtoe nje mbele ya wapita njia, niseme ni nani aliyemlea, ni nani aliyemkalisha kwenye cherehani akiwa hajui hata kutia uzi kwenye sindano. Nilishafika mlangoni. Nikarudi, nikachukua pini sita nikazibana midomoni kama tufanyavyo tunapomvalisha mtu gauni la kujaribu. Ukiwa na pini mdomoni huwezi kusema, wala kulia, wala kupumua ovyo. Nilikaa nazo mpaka Kasuku akamaliza habari zake zote pamoja na zile za kuongezea.

Sijamsamehe. Hilo lieleweke, ingawa hakuna wa kusoma. Najizuia kwa sababu mtu aliyepandwa na hasira hulipiza vibaya. Anapiga kelele, anachekwa, na mwisho yeye ndiye anaonekana mkosaji. Mimi nataka kulipiza vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Msumarini.

Jumapili, 9 Machi

Mama anakaa chumba cha nyuma ya duka. Miguu imegoma, lakini masikio yote mawili yapo kazini. Leo kanambia mdogo wangu alipita mlango wa uani nilipokuwa sokoni, akamletea dawa ya kuchua magoti. Nikasema kumbe mlango wa mbele anauogopa. Mama hakucheka.

"Kwa nini hukumfundisha kukata?" akaniuliza.

"Mkono wake ni wa cherehani."

"Nani alisema?"

"Mimi."

Akageukia ukutani, akajifunika kanga.

Ni kweli aliniomba. Kila mwaka shule zikifungwa, kazi zikipungua, alikuja na kipande cha kitambaa kibovu na kuuliza kama sasa anaweza kujaribu. Mimi nilimwambia mwakani. Imekuwa mwakani miaka kumi na mmoja. Lakini kuombwa ni kuombwa na kuibiwa ni kuibiwa. Angekuwa na subira.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nina mengi.

Saa nne mwenye duka la vitambaa aliingia kwangu kukwepa mvua, kakunja suruali hadi magotini, kakumbatia mfuko wa vipande vya mabaki. Tukaongea habari za matope. Kisha akasema chuo kimebadilisha kitambaa mwaka huu. Kile cha zamani cha mchanganyiko hakipatikani tena, sasa ni pamba tupu, na mdogo wangu keshachukua majora yote. Akatoa kipande cheupe akanipa nikishike. Kizuri, laini, kinaanguka vizuri mkononi.

"Ila nasikia kinasinyaa," akasema. "Wenzako wa jijini wanakiloweka kwanza ndipo wanakata. Nilisahau kumwambia mdogo wako. Utamfikishia, ee? Matope yale siyavuki."

Nikamwambia nitamfikishia. Nilisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema karibu.

Alipoondoka nilifanya jaribio ninalofanya kwa kila kitambaa kigeni. Mkasi ukiwa bado msumarini, nilichana kwa mkono mraba wa sentimita arobaini kwa arobaini kwenye kile kipande alichoniachia, nikauchemsha, nikaukausha kwa pasi, nikaupima. Urefu umebaki thelathini na saba. Nikapima mara ya pili. Thelathini na saba. Upana umepungua mbili.

Nikakaa kitini nikapiga hesabu taratibu. Gauni la muuguzi ni sentimita mia na kumi. Likifuliwa mara moja tu linakula nane. Kifuani linakula tano, kwa hiyo vifungo havifungi. Wasichana mia na ishirini watasimama na magauni juu ya magoti, mikono imepanda, migongo inalia. Kitambaa ni mali ya chuo, na jina lililoshonwa ndani ya kola ni la kwake. Hakuna atakayempa kazi tena, hata ya kupandisha pindo la pazia.

Na hajui kabisa. Majaribio ya vitambaa nilifanya mimi, chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Yeye alikuwa kwenye cherehani.

Sihitaji kufanya chochote. Sihitaji kuvuka barabara wala kupaza sauti. Nahitaji kunyamaza tu, na kunyamaza ndiko nilikokuwa nafanyia mazoezi siku kumi na mbili hizi.

Mikono haitetemeki. Nimenyoosha vidole mbele ya taa nikavitazama: vimetulia. Hasira imekwisha. Nimeutoa mkasi msumarini, nimekata koti la mwalimu mkuu tangu begani hadi pindoni, na sijawahi kukata vizuri namna ile.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Mtu anayetaka kuloweka majora yale lazima ayaanike, na kwenye kibaraza chake kuna kamba mbili tu. Nimezitazama asubuhi, mchana na jioni. Kamba ziko tupu.

Jumanne, 18 Machi

Tupu.

Alhamisi, 20 Machi

Jua lilitoka saa moja nzima. Watu wote wa mtaa waliruka na beseni zao. Yeye aliweka nje kiti, akakaa akinoa mkasi. Kamba tupu.

Ijumaa, 21 Machi

Kasuku anasema mdogo wangu ameanza kukata. Sina haja ya kuambiwa, naona kwa macho yangu meza yake imejaa weupe. Ana mkasi mpya, mzito kuliko mkono wake. Nilibana pini midomoni, si kwa hasira safari hii. Nilikuwa najizuia kutabasamu.

Watu huogopa fundi anayegomba. Hawajui kwamba wa kuogopwa ni yule anayekuuliza hali ya watoto huku anakupima mabega.

Jumatatu, 24 Machi

Mama ameniita akataka nimsogeze dirishani. Akanitazama nikimwekea mto.

"Mkasi uko wapi?"

"Uko mezani, Mama. Hasira iliisha siku nyingi."

"Wewe hasira yako ya kulia naijua, na ya kuvunja vikombe naijua," akasema. "Hii ya kutabasamu siijui. Kautundike."

Nikamwambia amezeeka. Nilimwambia kwa upole, lakini nilimwambia.

Ijumaa, 28 Machi

Tumekutana uso kwa uso. Mvua ilinishika barabarani nikajibanza chini ya paa la duka la dawa, na aliyekuwa amejibanza pale tayari ni yeye. Akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba. Kakonda, macho yameingia ndani, kwenye kidole gumba ana lengelenge la mkasi, pale pale lilipo langu tangu nikiwa msichana. Kasuku alishaniambia kwamba analala humo humo dukani juu ya mabaki ya vitambaa, ili amalize kazi kwa wakati.

Akauliza hali ya Mama, kana kwamba hamwoni kila Jumapili. Nikasema hajambo. Kisha tukatazama maji yakipita kwenye mfereji.

Niandike ukweli, kwa kuwa ninaandika. Neno "loweka" lilinifika kwenye meno. Lilikuwa pale. Pengine alikuwa hajakata zaidi ya nusu, angeweza kuokoa kitu. Nikalitazama lile lengelenge, na badala ya kumhurumia nikaukumbuka waya wangu ukutani ukiwa mtupu, na adabu ya kile kiti. Neno nikalimeza.

Mvua ikapungua. Akasema, "Haya dada, kazi njema." Nikasema, "Na wewe."

Nilirudi nikiwa na fahari. Wiki tatu zilizopita ningemrukia. Leo nilisimama naye hatua moja, nikafikiri, nikaamua, na uso wangu haukucheza. Huku ndiko kujitawala.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo nimecheka mpaka pini zikanidondoka. Kasuku alivuka kwenda kuazima uzi mweupe, yaani kwenda kupeleleza, na akaliona gauni la kwanza limetundikwa. Anasema ni hema. Anasema wauguzi wawili wanaingia na mgonjwa wao anabaki na nafasi ya kugeuka. Mikono inafika kwenye vidole.

Kwa hiyo kukata hajui kabisa. Patani aliziiba, lakini kuzisoma hakuweza. Hata kabla maji hayajafanya kazi yao, yeye mwenyewe keshajiharibia. Nimemwongezea Kasuku chai kikombe cha pili.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kubwa. Maji yameingia hadi kwenye kizingiti. Kamba zake tupu.

Jumatano, 16 Aprili

Metroni wa chuo amekuja. Mwanamke mkubwa wa sauti ndogo. Miaka tisa nimempimia gauni lake mimi. Alikaa, akafuta miwani, akazungusha maneno, mwisho akasema lililomleta. Kazi wamempa mdogo wangu kwa kuwa alitoa ahadi ya kumaliza mapema, lakini duka ni jipya, na wakubwa wanamuuliza yeye kama mikono hiyo ni ya kuaminika.

"Fundi, wewe ndiye unayemjua. Niambie ukweli tu."

Ndiyo nafasi ambayo mtu mwenye hasira angeidaka kwa mikono miwili. Angemwambia ni mwizi, na Metroni angeondoka akisema hao dada wawili wana ugomvi wao. Mimi nilinyoosha kitambaa mezani, nikakiondoa kikunjo, nikajipa muda. Nikaona njia yote mpaka mwisho wake, kama ninavyoona shati ndani ya jora.

"Siwezi kumsemea mdogo wangu mema wala mabaya," nikamwambia. "Nawaomba jambo moja. Msiyapokee wala msiyakatae magauni kwa kuyatazama. Fueni kwanza, yote, kisha wavalisheni wanafunzi mbele ya wakubwa. Nguo ijisemee yenyewe."

Metroni alinishika mkono. Akasema hajaona mtu wa haki kama mimi.

Alipotoka nilisimama dirishani. Ng'ambo ya pili mdogo wangu alikuwa ameinamia cherehani, kisogo chake nakijua kuliko uso. Nikamwambia kimoyomoyo: umekwisha.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeifunua cherehani yake, nimeitia mafuta, nimebadilisha sindano. Niseme ninachotaka, maana sijawahi kukiandika. Sitaki afe njaa. Nataka arudi. Nataka aje na mlango wa mbele, macho chini, akae pale penye kiti chake, aniombe kazi ya kushona, na asiniulize tena habari za mkasi maisha yake yote.

Ijumaa, 25 Aprili

Magauni yamepelekwa. Mkokoteni mmoja, umefunikwa nailoni. Yeye alifuata nyuma kwa miguu kwenye matope, ameshika ncha ya nailoni isipeperuke.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua. Jua la kwanza la kweli tangu Machi. Kasuku kapita chuoni, anasema uwanja mzima ni mweupe, magauni mia na ishirini kwenye kamba. Sikula mchana, na njaa sikuisikia.

Ijumaa, 2 Mei

Amekuja. Na mlango wa mbele.

Nilikuwa napima kiuno cha mteja. Nikamwona anavuka, kabeba mfuko mkubwa kifuani, uso umelowa machozi, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Niandike hivyo hivyo: kwa furaha. Nikamwambia mteja arudi kesho. Nikakaa kitini nikamngoja, mikono magotini.

Akaingia, akaweka mfuko mezani, akanipigia magoti kabla sijasema neno.

"Nilidhani unanichukia, dada," akasema. "Kumbe ulikuwa unanikingia kifua."

Sikuelewa. Nikatafuta pini za kubana midomoni, na mezani hapakuwa na hata moja.

Akanieleza huku analia na kucheka. Ijumaa iliyopita, siku ya mkokoteni, wakubwa watatu wa chuo walimvalisha msichana mmoja gauni. Likamfika karibu na vifundo, mikono ikameza vidole. Wakaangua kicheko. Mmoja akasema yarudishwe yote asubuhi ile ile. Yeye akawaambia yakifuliwa yatakaa sawa, akawaambia mara tatu, na nani anamsikiliza fundi mpya anayejitetea? Ndipo Metroni akainuka kwa ile sauti yake ndogo akasema dada wa huyu fundi aliomba yasikataliwe kwa kutazamwa, yafuliwe kwanza. Ikabidi wafue. Leo wamewavalisha wasichana wote uwanjani, na kila gauni limekaa pale linapotakiwa. Kazi ya chuo kizima kapewa yeye, wanafunzi wa miaka yote mitatu.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Kwamba kitasinyaa?" Akafuta pua kwa kiganja. "Si vile vipande vyako vya majaribio, dada. Ulikuwa unanipa nivipige pasi. Nilikuwa navipima kabla sijakurudishia, nikijua umekata arobaini. Miaka yote. Hiki nilikata arobaini, nikafua, nikapata thelathini na saba. Na mvua hii ningeanika wapi? Nikasema nikate kwa hesabu, maji yamalizie. Kwenye mia na kumi nimekata mia na kumi na tisa."

Mia na kumi na tisa. Nilipiga hesabu hiyo kichwani nikiwa nimemtazama, na ni mia na kumi na tisa.

Akafungua mfuko. Patani zote thelathini na mbili, zimefutwa, zimepangwa kwa ukubwa. Akasema amejichorea zake. Akasema alizichukua kwa sababu alijua akiniomba nitamwambia mwakani, na kwamba tangu siku ile hajalala vizuri. Akazitundika mwenyewe kwenye waya, moja moja, mimi nimekaa.

Nilipaswa kusema pale pale. Uso wangu ulikuwa umetulia, ule uso nilioufundisha miezi miwili, na ukanitumikia vizuri mno. Nikasema, "Inuka, mdogo wangu, utachafua nguo."

Akafika mlangoni, akageuka. Ana ombi moja. Vipimo vya wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu viko kwangu. Je, nitamwazima daftari? Nikamwambia alifuate Jumatatu.

Jumamosi, 3 Mei

Mkasi uko msumarini. Mikono inatetemeka hadi nimemwaga chai. Mama kaniuliza nimemfanya nini mtoto wa watu, nikamwambia yule ni mtoto wake yeye. Akasema, "Ndiyo maana nauliza."

Nimesoma kurasa zote hizi tangu mwanzo. Kasuku aliniambia gauni ni hema. Kitambaa nilikuwa nimekipima mwenyewe. Fundi yeyote mwenye kichwa kilichotulia angejumlisha hayo mawili, angeelewa papo hapo, na angemvulia kofia. Mimi nilicheka. Nilidhani hasira imekwisha kwa kuwa mikono imeacha kutetemeka, kumbe ilikuwa imepata kazi ya kufanya, ikatulia kazini.

Jumatatu, 5 Mei, asubuhi

Mvua imekwisha. Barabara imeanza kutoa vumbi.

Tangu alfajiri nimekuwa na daftari hili mezani. Kurasa za nyuma zinaweza kutoka. Mimi ni mkataji. Naweza kuziondoa hata mshono wa daftari usijue. Angepata vipimo vyake, ningebaki dada aliyemkingia kifua, na Metroni angeendelea kuniita mtu wa haki hadi kaburini. Nimeunyoosha mkono kwenye msumari mara mbili.

Lakini nina hasira. Sijawahi kuwa na hasira kama hii, na safari hii aliyenikasirisha ni mimi. Sheria ni ile ile, haikusema hasira ya nani. Leo sikati.

Basi, mdogo wangu, kama umefika ukurasa huu, umeshajua. Sikukukingia kifua. Nilikuchimbia shimo, nikalifunika vizuri, na wewe ukapita juu yake kwa sababu unajua kupima. Ujumbe wa mwenye vitambaa ulikuwa wako, nikaumeza. Pale kwenye duka la dawa nilikuwa na neno la kukuokoa, nikakutakia kazi njema. Na la zamani kuliko yote: mkono wako haukuwahi kuwa wa cherehani. Niliuona tangu ukiwa na miaka kumi na minane jinsi unavyokishika kitambaa, nikaogopa, nikasema mwakani.

Patani uliiba, na hilo bado linaniuma, sikufichi. Ya kola umeikunja ncha.

Vipimo vya mwaka wa pili vinaanzia ukurasa wa arobaini na moja, vya mwaka wa tatu vinafuata. Una haki yote ya kunilipiza, na unajua nilipo, dirisha kwa dirisha. Sitafunga pazia. Ila kama umeyasoma haya leo, leo usikate magauni ya watu. Tundika mkasi wako kwanza.

Nakuona unavuka barabara. Nafunga daftari.